Mkataba umekwisha, karatasi bado ya klabu

Tarehe 31 Julai 1990 klabu ya RC Liège ya Ubelgiji ilimsimamisha kiungo Jean-Marc Bosman kwa msimu mzima. Kosa lake: alikataa mkataba mpya ambao ungempunguzia mshahara kwa robo tatu. Wengi wanaolitaja jina lake kila dirisha la usajili likifunguliwa hawakumbuki kwamba siku hiyo Bosman hakuwa na mkataba wowote na Liège. Ulikuwa umekwisha mwezi mmoja kabla, tarehe 30 Juni. Aliadhibiwa na mtu ambaye si mwajiri wake tena.

Iliwezekanaje? Mchezaji wa mpira hufungwa kwa kamba mbili. Ya kwanza ni mkataba wa ajira, kati yake na klabu, wenye mshahara na tarehe ya mwisho. Ya pili ni usajili, yaani karatasi iliyoko kwenye shirikisho inayosema mchezaji huyu ni wa klabu fulani. Mfanyakazi wa bandari au wa kiwanda cha sukari mkataba wake ukiisha anaondoka na begi lake. Mchezaji wa miaka ile mkataba ukiisha alibaki na kamba ya pili shingoni, na aliyeishika ni klabu.

Tarakimu za kesi yenyewe zinaeleza zaidi ya hotuba. Bosman alikuwa akipata wastani wa faranga 120,000 za Ubelgiji kwa mwezi, bonasi zikiwamo. Aprili 1990 Liège ilimpa mkataba mpya wa mwaka mmoja kwa 30,000, kiwango cha chini kabisa kilichoruhusiwa na shirikisho la Ubelgiji. Alipokataa akawekwa kwenye orodha ya wachezaji wa kuuzwa, na bei ikapangwa kwa fomula: faranga 11,743,000, sawa na kama yuro 291,000 kwa kiwango ambacho faranga ilibadilishwa baadaye. Hebu litazame hilo tena. Ukiwa kwetu, thamani yako ni mshahara wa kima cha chini. Ukitaka kwenda kwa jirani, thamani yako ni milioni kumi na moja na ushee. Mtu ni yule yule, miguu ni ile ile.

Fomula hiyo ilikuwa rahisi: chukua kipato cha mchezaji cha mwaka, kizidishe kwa namba kati ya 2 na 14 kulingana na umri wake. Kalenda nayo ilipangwa kama mtego wa samaki, mlango mpana wa kuingilia na hakuna wa kutokea. Klabu ilitakiwa kumpa mchezaji mkataba mpya kabla ya tarehe 26 Aprili. Akikataa, kuanzia tarehe 1 hadi 31 Mei klabu nyingine ingeweza kumchukua hata kama klabu yake haitaki, mradi ilipe bei ya fomula. Kuanzia tarehe 1 Juni bei ilikuwa ya kuelewana, lakini sasa klabu ya zamani ilipaswa kukubali. Asipopata timu, klabu ilimrudishia ofa ya msimu mmoja kwa masharti yale yale aliyoyakataa. Akikataa tena, klabu ilikuwa na hadi tarehe 1 Agosti kumsimamisha. Na kama ni mbishi kweli kweli, angeweza kuhama kama mchezaji wa ridhaa baada ya kukaa misimu miwili bila kucheza. Misimu miwili, kwa kazi inayokwisha mtu akiwa na miaka 33!

Mei ikapita bila mnunuzi. Bosman akajitafutia mwenyewe: Dunkerque, daraja la pili Ufaransa, waliokuwa tayari kumlipa karibu faranga 100,000 kwa mwezi na 900,000 za kusaini. Tarehe 27 Julai klabu mbili zikaelewana. Mkopo wa mwaka mmoja kwa faranga 1,200,000, zilipwe mara shirikisho la Ufaransa litakapopokea hati ya uhamisho, na Dunkerque wakimtaka jumla waongeze 4,800,000. Kulikuwa na sharti moja: hati ifike kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, tarehe 2 Agosti. Liège wakaingiwa na wasiwasi kwamba Dunkerque hawana pesa, wakaacha kuliomba shirikisho lao litume hati. Haikufika. Mikataba yote miwili ikafa, na tarehe 31 Bosman akasimamishwa.

Ndiyo maana kesi hii, kwa anayeifuatilia kwa karibu, kiini chake si pesa. Ni karatasi isiyotumwa.

Tarehe 8 Agosti alifungua kesi katika mahakama ya mji wa Liège. Mwezi Novemba hakimu aliamuru kwa muda kwamba klabu imlipe faranga 30,000 kwa mwezi na isimzuie kupata timu. Kwenye makaratasi alikuwa huru. Uwanjani alicheza Saint-Quentin, mkataba ukavunjwa mwisho wa msimu. Akaenda Saint-Denis kwenye kisiwa cha Réunion, nako ukavunjwa. Akaishia Olympic de Charleroi, daraja la tatu Ubelgiji. Kesi ilipanda ngazi hadi Oktoba 1993, mahakama ya rufaa ya Liège ilipoipeleka Luxembourg kwenye Mahakama ya Haki ya Ulaya, na hukumu ikatoka tarehe 15 Desemba 1995. Miaka mitano na miezi minne. Alipoanza alikuwa na miaka 25, alipomaliza 31.

Klabu zilikuwa na utetezi ambao hata leo utausikia kwa viongozi wa Kariakoo, yaani wa Simba na Yanga: bila ada ya uhamisho klabu ndogo zitakufa, na hakuna atakayelea vijana. Mahakama haikulipuuza hilo. Ilikubali kwamba kulinda uwiano wa timu na kulea vipaji ni malengo halali. Ilichokikataa ni njia. Ada ile haikuwa na uhusiano na gharama halisi ya kumlea mchezaji, na hakuna klabu inayoweza kupanga bajeti ya akademi kwa pesa ambayo haijui kama itakuja, lini, wala kwa kijana yupi. Kwa hiyo mchezaji raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, mkataba wake ukiisha, anaweza kuajiriwa nchi nyingine ya umoja huo bila ada. Papo hapo ikauvunja ule utaratibu wa wageni watatu na wawili wa nyongeza uliokuwa ukitumika kwenye mashindano ya UEFA.

Waliokula matunda ni wengine. Edgar Davids aliondoka Ajax kwenda Milan mwaka 1996 bila Ajax kuambulia senti. Steve McManaman akahama Liverpool kwenda Real Madrid mwaka 1999 kwa njia hiyo hiyo. Pesa ambazo zamani zingelipwa klabu zikaingia kwenye mishahara na ada za kusaini. Bosman mwenyewe hakupata tena timu ya maana, na amewahi kueleza hadharani alivyozama kwenye pombe na kuishi kwa misaada. Uingereza ilishaliona jambo la namna hii mwaka 1963, George Eastham alipoishinda Newcastle mahakamani kuhusu utaratibu wa klabu kumshikilia mchezaji aliyemaliza mkataba. Lakini hukumu ile ilibaki ndani ya mipaka ya nchi moja, na ada za uhamisho ziliendelea.

Hukumu ya Luxembourg iliwahusu raia wa Ulaya. Imetufikiaje sisi? Kwa makubaliano ya Machi 2001 kati ya FIFA, UEFA na Kamisheni ya Ulaya, yaliyozaa kanuni za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinazotumika dunia nzima. Humo ndimo mlimo fidia ya mafunzo, ile asilimia 5 ya mshikamano inayogawiwa klabu zilizomlea mchezaji, na ruhusa ya kuzungumza na kusaini kwingine mkataba ukibakiza miezi sita. Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe ya Lubumbashi kwenda Genk mapema mwaka 2016, mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache. Klabu iliyo katika hali hiyo inajua kwamba ikikaza sana itabaki mikono mitupu.

Sasa tuje kwenye utendaji, maana hapa ndipo wachezaji wetu wanapoumia.

Miezi sita huhesabiwa kutoka tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba, si kutoka mwisho wa ligi. Ligi inaweza kumalizika Mei na mkataba ukaandikwa Julai. Klabu mpya inatakiwa kuijulisha klabu ya sasa kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Ikipita mlango wa nyuma inajitafutia adhabu. Tazama pia kipengele cha nyongeza: “klabu ina hiari ya kuongeza mwaka mmoja.” Kama hiari hiyo ni ya klabu peke yake na mshahara haupandi, una hoja nzuri ya kuipinga, lakini ni hoja ya kupigania miezi mingi, si ya kushinda kesho asubuhi. Ni bora ukatae kukisaini. Mkataba usizidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18, mitatu. Na klabu haiwezi kusaini leo kisha ikasema mkataba si halali kwa sababu vipimo vya afya vimekataa au kibali cha kazi hakijatoka. Hayo ilipaswa kuyamaliza kabla ya kalamu.

Mshahara usipolipwa je? Kanuni ya FIFA iliyoanza Juni 2018 inasema hivi: klabu ikishindwa kulipa mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake, mchezaji ana sababu halali ya kuvunja mkataba, kwa sharti kwamba kwanza ameipa klabu notisi ya maandishi na muda usiopungua siku 15 wa kulipa deni lote. Inaonekana nyepesi, lakini makosa ni yale yale kila msimu.

La kwanza, mchezaji anaondoka kambini siku anayotuma notisi. Siku hizo 15 bado ni mwajiriwa. Akikosa mazoezi anaipa klabu kesi ya utoro, na aliyekuwa mdai anageuka mdaiwa. Aendelee kwenda mazoezini, asaini daftari kama lipo, na akizuiwa getini apige picha na kuandika barua siku hiyo hiyo.

La pili ni notisi yenyewe. Ujumbe kwa kocha wa “bosi mambo magumu huku” si notisi. Iandikwe kwa klabu, kwa anwani rasmi na barua pepe iliyo kwenye mkataba, itaje kila mwezi na kiasi chake, jumla, tarehe ya mwisho ya kulipa, namba ya akaunti, na ieleze wazi kwamba isipolipwa mkataba utavunjwa. Akaunti isipotajwa, klabu itasema haikujua ilipe wapi. Siku ya 16 ndipo inatumwa barua ya pili, ya kuvunja. Ukituma siku ya 14 umeharibu.

La tatu ndilo linalowaponza wengi. Siku ya kumi mwenyekiti anakuita, anakupa mshahara wa mwezi mmoja taslimu na karatasi ya “makubaliano ya kulipana polepole”. Pesa pokea, deni litapungua tu. Karatasi usiisaini kabla ya kuisoma na mtu anayejua, kwa sababu ikipanga tarehe mpya za malipo, deni lililokuwa limeiva linageuka bichi na notisi yako haina kazi tena. Usisaini vocha iliyoachwa wazi. Kuthibitisha kwamba ilikulipa ni mzigo wa klabu, na vocha yenye saini yako bila kiasi ndiyo zawadi kubwa kuliko zote unayoweza kuipa.

Baada ya kuvunja, fidia hupigwaje? Tuseme mshahara ni shilingi milioni 3 na mkataba umebakiza miezi kumi. Usipopata timu, unadai milioni 30, juu ya malimbikizo. Ukipata timu inayokulipa milioni 2 kwa miezi hiyo kumi, milioni 20 inatolewa, inabaki 10. Na kwa kuwa mkataba ulivunjika kwa sababu ya malimbikizo, unaongezewa mishahara mitatu, milioni 9. Jumla 19. Nyongeza hiyo haiwezi kuivusha fidia juu ya ile milioni 30. Kwa hiyo kukubali timu mpya hakukunyimi haki yako, na wanaowashauri wachezaji wakae bure nyumbani “ili kesi iwe nzito” wanawapotezea miaka ya mguu.

Pa kushtaki panategemea pasipoti. Chombo cha FIFA cha migogoro hupokea kesi yenye sura ya kimataifa: Mkenya na klabu ya Tanzania, Mkongo na klabu ya Burundi. Mchezaji halipi ada ya kufungua shauri. Muda ni miaka miwili tangu tukio. Ukizidisha siku moja, mlango umefungwa hata kama haki ni yako mia kwa mia. Klabu ikishindwa hupewa siku 45 kulipa, isipolipa inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo. Adhabu hiyo inauma kuliko faini: Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya zimewahi kuionja. Kukata rufaa CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Lausanne, Uswisi, ni siku 21, na kule gharama si za mchezo.

Mtanzania anayeidai klabu ya Tanzania hana njia ya moja kwa moja ya kwenda FIFA. Anaanzia Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na asome kanuni za TFF zinasemaje, asidhani kila kipengele cha FIFA kimehamishiwa humo neno kwa neno. Kama mgogoro ni wa kuachishwa kazi na ameamua kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kama mfanyakazi mwingine yeyote, ajue kule muda ni siku 30. Wengi hufika mwezi wa nne tangu kuachishwa wakiwa na ushahidi mzuri na muda uliokufa. SPUTANZA kwa Tanzania na KEFWA kwa Kenya ndivyo vyama vya wachezaji vya kuulizia kabla ya kutuma chochote.

Kuna dhana moja lazima ing'olewe. Bosman alishinda haki ya kuondoka mkataba ukiisha. Hakushinda haki ya kuondoka katikati kwa kurudisha pesa. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliiwekea Yanga shilingi milioni 112 kwenye akaunti, yaani 100 za kuvunja mkataba na 12 za mishahara ya miezi mitatu, akaaga. Mkataba wake ulikuwa wa hadi Mei 2024. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Mitandaoni watu walibishana kuhusu uungwana na shukrani, wakati swali lilikuwa moja: je, anayo sababu halali, na kama hana, bei ya kutoka ni ipi na nani anaipanga? Alihamia Azam katikati ya 2023, klabu zilipoelewana.

Bei hiyo hata Ulaya haikuwahi kutabirika. Andy Webster alivunja mkataba wake na Hearts ya Scotland mwaka 2006, CAS ikamtoza pauni 150,000. Mwaka mmoja baadaye Matuzalem akaondoka Shakhtar Donetsk kwa kifungu kile kile cha kanuni za FIFA. CAS ikamtoza pamoja na klabu yake mpya, Real Zaragoza, yuro 11,858,934. Kifungu kimoja, bei mbili zenye tofauti ya mbingu na ardhi. Zaragoza waliposhindwa kulipa, mchezaji akatishiwa kufungiwa soka mpaka deni liishe, hadi mahakama kuu ya Uswisi ilipoifuta adhabu hiyo mwaka 2012 kwa kuwa inamnyima mtu riziki bila kikomo.

Aliyeuvunja utaratibu huo hasa ni kiungo Mfaransa, Lassana Diarra. Lokomotiv Moscow walivunja mkataba wake Agosti 2014 na kumdai fidia. Mwaka 2015 FIFA ikaamua ana deni la yuro milioni 10.5. Kanuni zake zilikuwa zinasema klabu mpya ya mchezaji aliyevunja mkataba bila sababu halali ibebe deni pamoja naye. Mapema mwaka huo, kabla ya uamuzi, Sporting Charleroi ya Ubelgiji walimtaka, lakini waliomba kwanza uhakika kwamba hati ya uhamisho itatoka na deni halitawaangukia. Uhakika haukupatikana, dili likafa. Ubelgiji tena, shirikisho lile lile, hati ile ile. Hata wakili, Jean-Louis Dupont, ni yule aliyekuwa upande wa Bosman. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ya Luxembourg ikasema kanuni hizo za FIFA zinakiuka uhuru wa mfanyakazi na sheria ya ushindani.

FIFA ikatoa kanuni za mpito zilizoanza Januari 2025. Klabu mpya haibebi tena deni hivi hivi tu. Anayedai kwamba ilimshawishi mchezaji avunje mkataba ndiye athibitishe. Na shirikisho la zamani halina tena ruhusa ya kuishikilia hati kwa sababu kuna mgogoro: linapewa saa 72.

Liège na Dunkerque walielewana Ijumaa, tarehe 27 Julai 1990. Kama Ufaransa ingeomba hati siku hiyo, kwa kanuni ya leo ingetakiwa kuwa imetoka kufikia Jumatatu tarehe 30, siku moja kabla ya Bosman kusimamishwa na siku tatu kabla ya mechi ya kwanza.